Mifupa ya Senge Haikuvunjika Juzi

Watu wangu, leo sina kichekesho. Anayetaka kucheka arudi kwa video ya juzi, ile ya makanga wa Kiminini. Leo nina hasira na nitaiandika yote, hata mkisema nimewaletea insha.

Senge yangu aliteleza kwenye ngazi mbili. Si kumi, mbili. Ngazi za nyuma ya nyumba yake pale Kanduyi, Bungoma, asubuhi ya mvua, akiwa amebeba beseni la nguo. Akaangukia ubavu. Mtu wa miaka 51 akianguka hivyo anaamka, anajipangusa matope, anailaumu mvua, maisha yanaendelea. Yeye hakuamka. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Na kabla hamjaanza na "ni uzee tu", wacha niwaambie huyu ni mtu gani. Huyu ni mkimbiaji. Alikimbia mbio za nyika akiwa shule ya upili, akachukuliwa na timu ya taasisi moja ambayo sitaitaja, akakimbia mita 10,000 na mbio za barabara mpaka akafika miaka 31. Ukutani kwake kuna medali kumi na moja. Najua hesabu yake kwa sababu nikiwa mtoto nilikuwa nazivaa zote kwa pamoja na kuzunguka nazo boma. Sisi watoto wa ukoo tuliambiwa senge ana miguu ya chuma, na tuliamini.

Siku hiyo nilipanda matatu Kitale, tukapita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Lugulu mpaka Webuye, nikaunganisha ya Bungoma. Njia nzima nilikuwa najiambia lazima pikipiki ndiyo imemgonga, wananificha. Ngazi mbili haziwezi kumvunja senge.

Hospitalini nilimkuta daktari kijana, pengine ananizidi miaka mitano. Aliangalia eksirei, akauliza kazi yake ya zamani, akaambiwa riadha. Halafu akauliza kitu ambacho sikukitarajia.

"Mama, ukiwa unakimbia, hedhi ilikuwa inakuja kila mwezi?"

Senge alicheka, na maumivu yote yale. "Daktari, kuna wakati tulikaa hata miaka mitatu bila kuona kitu. Tulikuwa tunafurahi sana. Kocha alikuwa anatuambia, sasa mwili umeiva."

Sasa mwili umeiva. Nimetembea na maneno hayo wiki sita sasa.

Nitakachosema leo ni hiki, na nitakisema bila kuzunguka. Mfupa wa senge ulivunjika mwaka huu, lakini ulianza kudhoofishwa zaidi ya miaka 25 iliyopita, kambini, mchana kweupe, na watu wakapiga makofi. Na kibaya zaidi, bado tunapiga makofi. Hapa Trans Nzoia, kule Bungoma, juu Mlima Elgon, kuna wasichana leo asubuhi wameamka saa kumi na moja kukimbia, hawajaona mwezi tangu muhula uliopita, na mtu mzima anawasifu.

MFUPA SI JIWE

Wengi wetu tunadhani mfupa ni kitu kilichokauka, kama nguzo ya nyumba. Ukishasimama, umesimama. Sivyo. Mfupa uko hai. Fikiria barabara ya murram. Kila mvua inachukua kidogo, kila greda likipita linarudisha. Ndani ya mfupa kuna seli zinazobomoa na seli zinazojenga, usiku na mchana. Kwa mwanamke, homoni ya estrojeni ndiyo inayozuia wabomoaji wasizidi. Estrojeni ikipungua, mvua inaendelea kunyesha na greda halionekani. Watu wa huku hiyo hali mnaijua, si lazima nieleze zaidi.

Halafu kuna suala la akiba. Sehemu kubwa sana ya mfupa utakaokubeba maisha yako yote unaijenga kabla ya miaka 20. Ukikaribia 30, umemaliza kuweka. Kuanzia hapo ni kutumia ulichoweka. Hedhi ikikoma kabisa ukubwani, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake ndani ya miaka 5 hadi 7. Wataalamu wanakadiria kwamba ukiongeza akiba ya ujanani kwa asilimia 10 tu, unausogeza mbele ugonjwa wa mifupa kwa miaka kama 13. Miaka 13! Sasa jiulize mtu aliyekosa estrojeni kuanzia miaka 17 mpaka 22, wakati ule hasa wenzake walikuwa wanaweka akiba, alistaafu na nini mfukoni.

Na kwa nini hedhi inapotea? Si kwa sababu mwili umeiva. Ni kwa sababu mwili una njaa. Chakula kinachoingia hakitoshi mazoezi yanayofanywa, basi mwili unafanya kama mama mwenye shilingi mia mbili na watoto sita: anakata matumizi. Unazima uzazi kwanza, kwa sababu moyo na ubongo haviwezi kuzimwa. Estrojeni inashuka. Mfupa unaanza kulipa deni ambalo mwenyewe halioni. Tangu miaka ya tisini madaktari wa michezo walikuwa wanaonya juu ya vitu vitatu vinavyoandamana kwa wanariadha wa kike: kula kusikotosha, hedhi kupotea, mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapanua maelezo hayo, ikaiita hali hiyo RED-S, na ikasema wazi inawapata wanaume pia.

Kwa hivyo hii si siri ya maabara. Imejulikana tangu senge akiwa bado anakimbia. Ila haikufika kambini kwake.

NAJUA MTASEMA NINI

Nimekaa kwa komenti zenu miaka mitatu, nawajua. Wacha nijibu kabla hamjaandika.

Ya kwanza: "Lakini kukimbia si kunajenga mifupa?" Ndiyo, nusu. Mfupa unaopigapiga ardhi unapata nguvu, hilo ni kweli. Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 wa wakimbiaji 15 wa Kenya, wanaume, wa kiwango cha juu. Walipopimwa, mfupa wa paja karibu na nyonga ulikuwa imara kuliko wa wanaume wa kawaida waliolinganishwa nao. Safi. Lakini walipopima uti wa mgongo, 6 kati ya hao 15 walikuwa chini sana ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri wao. Katika wale wa kawaida hakukuwa na hata mmoja. Watafiti walishuku sababu ni ile ile: mazoezi mengi, chakula hakilingani nayo. Hawa ni vijana walio kileleni, ambao ukiwaona barabarani unasema huyu ni chuma. Sita kati ya kumi na tano.

Na angalia tena: ni wanaume. Kwa hivyo wewe unayetaka kuandika "haya ni mambo ya wanawake", futa. Mwanaume mwenye njaa ya mazoezi, testosteroni yake inashuka na mfupa wake unafuata. Tofauti ni kwamba yeye hana hata hedhi ya kumpa onyo. Atajua siku muundi utakapopata ufa katikati ya mazoezi, na kocha amwambie ni baridi.

Ya pili: "Wakenya tunakula chakula cha asili, si kama wazungu." Chakula chetu ni kizuri, sikatai. Ugali ni mafuta ya gari, bila huo hukimbii. Lakini swali si ubora peke yake, ni kiasi. Mwaka 2004 watafiti, wakiwemo Wakenya, walipima kila kitu walichokula wakimbiaji 10 wa Kikalenjin wa kiwango cha dunia wakiwa kambini. Waliingiza kama kalori 2,987 kwa siku. Walizotumia ni kama 3,605. Karibu moja ya tano ya nguvu waliyopata ilitoka kwa sukari, yaani ile chai yetu. Na hao ni mabingwa, wenye mpishi na meneja. Sasa shuka mpaka kwa msichana wa kidato cha tatu anayekimbia asubuhi kabla ya darasa, anakunywa uji mwepesi saa nne, githeri mchana, halafu anakimbia tena jioni. Yeye nani amempigia hesabu?

Ya tatu: "Hedhi kupotea ni kawaida kwa mkimbiaji." Ni kawaida kama vile mashimo ni kawaida barabarani. Inatokea mara nyingi, haimaanishi iko sawa. Mary Cain wa Marekani alikuwa mtoto wa ajabu wa mbio za kati, akaingia kwenye timu kubwa ya Nike akiwa bado kijana. Mwaka 2019 alijitokeza hadharani akasema walimsukuma apunguze uzito kila wakati, akakaa miaka mitatu bila hedhi, akavunjika mifupa mitano. Huko walikuwa na kila mashine na kila mtaalamu. Kama yeye aliumia akiwa na vyote hivyo, wewe kocha wa uwanja wa nyasi na filimbi unamwambia mtoto wa mtu mwili umeiva unapata wapi ujasiri?

Ya nne, na hii ndiyo inayoniuma: "Senge yako ni mtu mmoja." Kweli. Na daktari mwenyewe alikuwa mwangalifu, hakusema ni kambi peke yake. Hedhi ya senge ilikoma mapema, akiwa na miaka 45, na baada ya kustaafu alikaa miaka mingi bila mazoezi yoyote ya maana. Yote yamechangia. Lakini ukitaka kuniambia ni mmoja, niambie kwanza tumewapima wangapi. Senge aliwahi kupimwa muda wake wa kila mzunguko. Alipimwa uzito kila Jumatatu mbele ya wenzake. Alipimwa mkojo kutafuta dawa za kusisimua misuli. Mfupa wake ulipimwa mara ya kwanza akiwa na miaka 51, baada ya kuvunjika.

Kipimo chenyewe kinaitwa DXA. Ni eksirei hafifu, unalala chali dakika chache, hakuna sindano, hakuna maumivu. Hospitali tuliyokuwa hawakuwa nacho, ikabidi tumpeleke mji mwingine akiwa na magongo. Kwa kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 1994, alama ikifika -2.5 au ikishuka zaidi, hiyo ni osteoporosisi, mifupa imekuwa na matundu kama sponji. Ya senge kwenye uti wa mgongo ilikuwa -3.2. Daktari aliposoma, mimi ndiye niliyelia. Senge aliniangalia akasema, "Papa, wewe ndiye umevunjika?" Huniita Papa kwa sababu nimeitwa jina la babake.

TUNAHESABU MEDALI TU

Tarehe 1 Juni 2024, Madaraka Dei ya nchi nzima ilifanyiwa Bungoma, kwenye uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi. Nilikuwa huko na simu yangu, mliona video. Nyumba ya senge iko karibu kiasi kwamba kelele za uwanja zinafika jikoni kwake. Miezi miwili baadaye, tarehe 10 Agosti, kijana wetu wa Trans Nzoia, Emmanuel Wanyonyi, akachukua dhahabu ya mita 800 Paris kwa dakika 1:41.19 akiwa na miaka 20. Kitale hatukulala.

Na si yeye wa kwanza. Mlima Elgon peke yake umetoa Ben Jipcho, fedha ya kuruka viunzi na maji Munich 1972. Umetoa Edith Masai, bingwa wa dunia wa nyika mbio fupi mara tatu mfululizo, 2002, 2003 na 2004. Umetoa Linet Masai, dhahabu ya mita 10,000 Berlin 2009, na Milcah Chemos, dhahabu ya kuruka viunzi na maji Moscow 2013. Ukitaka tarehe na muda wa kila mmoja, tunazo zote.

Sisemi hata mmoja wao ana tatizo la mifupa. Sijui afya zao na si kazi yangu kuijua. Ninachosema ni kwamba tunajua muda wa mtu hadi sehemu ya mia ya sekunde, halafu akistaafu hatujui hata kama anaweza kubeba mtungi wa maji bila mgongo kukatika. Na hao ni wale waliofika. Kwa kila jina moja hapo juu kuna mamia ambao walikimbia kwenye hizo hizo timu na kambi, wakala hicho hicho, wakapoteza hedhi hivyo hivyo, na hawakushinda kitu. Hawana uwanja wenye jina lao. Wako sokoni Chwele wanauza mboga, wako Kibomet, wako Kapsokwony, wanajiita wana "baridi yabisi" kwa sababu hakuna aliyewaambia jina lingine.

Viongozi wetu mkimbiaji akishinda wanafika kwenye uwanja wa ndege kabla ya mamake. Wanampa mursik mdomoni, kamera inawaka. Sawa, mpeni. Lakini mursik ya kamera ni kijiko kimoja. Nipeni bajeti ya maziwa ya kambi ya mwaka mzima tuongee.

SASA NIJISEME MWENYEWE

Ingekuwa rahisi kumaliza hapo nikiwa mtu mzuri. Lakini kuna kitu lazima nikiri, kwa sababu wengine wenu mna kumbukumbu ndefu.

Mwaka jana nilitoa video moja nikiwa uwanjani hapa Kitale. Nilikuwa nawaigiza wanariadha wa mazoezi ya jioni. Nikamwiga msichana mmoja aliyekuwa na mwili kidogo, nikasema huyu anakimbia na gunia la mahindi ya serikali. Mlicheka. Ile video ilifika watu wengi kuliko zote nilizowahi kutoa. Nilipata mpaka tangazo la duka la viatu.

Binti ya senge ana miaka 17. Anakimbia, tena vizuri, kuliko mamake katika umri huo. Juzi tukiwa tumekaa na mamake, mguu umeinuliwa kwenye mto, senge akamwuliza mbele yangu bila aibu kama anaona mwezi. Akanyamaza. Halafu akasema miezi mitano hajaona. Senge akamwuliza anakula nini. Akasema usiku ameacha ugali.

"Nani alikuambia uache?"

Akaniangalia mimi. Hakutaja jina. Aliniangalia tu.

Nimeifuta ile video. Najua kufuta hakurudishi kitu, watu waliihifadhi na wengine wataituma tena kwa sababu nimeandika haya. Nimemwomba msamaha yeye, na nimeomba ruhusa yake na ya mamake kabla ya kuandika. Yeye alisema andika, lakini usiseme ninakimbia na gunia. Tulicheka wote, ila mimi sikucheka sana.

Kwa hivyo ninapowalaumu makocha, mjue najilaumu pia. Msichana wa miaka 17 haachi ugali kwa sababu ya kocha peke yake. Anaacha kwa sababu ya kocha, na mwalimu wa michezo, na wasichana wa bweni, na mjinga mmoja mwenye simu na wafuasi.

NINACHOTAKA

Sitaki komenti za "pole sana". Nataka vitu hivi.

Makocha na walimu wa michezo: msichana akikosa hedhi miezi mitatu mfululizo, hiyo ni safari ya kliniki. Akifika miaka 15 na haijawahi kuja, kliniki pia. Mwulizeni kwa heshima, mtumie mwalimu wa kike kama mnaona aibu, lakini mwulize. Mnaandika muda wa kila mzunguko kwenye daftari, hamwezi kushindwa na hili. Na acheni kupima watoto uzito mbele ya wenzao. Mwanariadha akipata ufa wa mfupa mara ya pili, acheni kumwita mvivu. Mtu haongezewi mazoezi kwa sababu amevunjika.

Shule na kambi: ongezeni chakula siku za mazoezi. Si lazima kiwe cha bei. Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na kijana anayekua anahitaji zaidi ya hapo. Glasi ya maziwa ina kama 300. Gramu mia za unga wa wimbi zina kama 340, na wimbi tunalima hapa hapa, Bungoma nzima inajua. Omena unaila na mifupa yake, hiyo ni kalsiamu tupu. Mboga za saga, terere, managu, sukuma. Ugali mweupe hauna kalsiamu ya kusema, ndiyo maana hauwezi kubaki peke yake na chai. Lakini hakuna kalsiamu itakayookoa mtu ambaye hashibi. Kwanza ashibe.

Wanaouza poda na vidonge vya "mifupa imara" kwenye mitandao: mmenitumia ujumbe tayari, baada ya kujua senge ameanguka. Hapana. Sitatangaza. Senge anatumia dawa aliyoandikiwa na daktari baada ya kupimwa, na hiyo ndiyo njia.

Timu za taasisi, vyama vya riadha, na serikali zetu mbili za kaunti: mwanariadha akistaafu, apimwe DXA. Mara moja tu, siku ya kumpa cheti na saa ya ukutani. Anayeonekana yuko chini afuatiliwe. Kuna hazina ya taifa ya michezo. Kuna SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF, na aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Iandikwe mahali waziwazi kwamba mtu aliyeikimbilia nchi hii ana haki ya kujua mifupa yake iko vipi. Mmewahi kununua mashine za bei zaidi ya hiyo zikakaa kwenye makaratasi.

Na nyinyi mliostaafu, mama zangu, senge zangu, wakubwa wangu: kama mlikaa miaka bila hedhi, mkivunjika kirahisi, mkiona kimo kinapungua au mgongo unaanza kupinda, mwambieni daktari hivyo hivyo: "Nilikuwa mkimbiaji, nilikosa hedhi." Msingoje aulize, si wote watauliza. Na msiache kusonga. Mfupa uliopotea ujanani hauwezi kurudi wote, lakini uliobaki unaweza kulindwa, na misuli inaweza kuongezwa hata ukiwa na miaka sabini. Kupanda kilima, kuinua vitu vizito kwa utaratibu, kujifunza kusimama kwa mguu mmoja ili usianguke. Ila kama umeshavunjika, muulize daktari kwanza usijibebeshe.

Senge sasa anatembea na fremu kutoka kitandani mpaka mlangoni na kurudi. Anahesabu mizunguko, hawezi kuacha tabia. Jana alifanya kumi na miwili. Binti yake amepelekwa kliniki wiki iliyopita, amepunguziwa mazoezi, na usiku anakula ugali na omena, mamake akiwa amemkazia macho. Kocha wake alipiga simu kuuliza kwa nini hayupo kambini na mashindano yako karibu. Senge akaichukua simu mwenyewe. Akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, halafu akamwambia, "Mwalimu, mimi pia niliiva. Njoo unione."

Hajaja bado. Lakini wewe unayesoma hii, kama kuna msichana anayekimbia nyumbani kwenu, usinitumie mimi komenti. Mwulize yeye, leo, kabla hajalala. Na kabla hujamwuliza, mpakulie.